Nauza mbaazi, mjukuu wangu akinywa chai: protini kwa pesa kidogo

Mjukuu wangu ana mwaka mmoja na miezi tisa. Mamake yuko Saudia kwa kazi za nyumbani. Aliondoka mtoto akiwa na mwaka na mwezi mmoja, na siku ile ile akaachishwa ziwa. Mimi ndiye niliyebaki naye hapa Kisauni. Wengi wa upande huu mwanijua kwa meza yangu ya mahamri na mbaazi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi vyombo vikauke.

Miezi mitatu iliyopita nilimpeleka zahanati kupimwa uzani. Muuguzi akatoa utepe mfupi wenye rangi tatu, akauzungusha kwenye mkono wa mtoto, juu ya kiwiko. Ukasoma sentimita 12.2, rangi ya manjano. Akanieleza kwamba utepe ule ni wa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Kuanzia 12.5 kwenda juu ni kijani, mtoto yu salama. Kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano, mtoto ameanza kudhoofika. Chini ya 11.5 ni nyekundu, hapo ni matibabu wala si ushauri tena.

Akaniuliza mtoto ala nini. Nikamwambia: asubuhi hamri na chai ya mkandaa, mchana wali na mchuzi, jioni uji au sima na mchuzi. Akauliza, mchuzi wa nini? Wa samaki, nikasema. Na samaki mwenyewe apewa? Nikanyamaza. Akauliza nafanya kazi gani. Nilipomjibu kwamba nauza mbaazi aliniangalia tu, hakusema neno. Ningependa angesema.

Usiku ule mwanangu alipiga simu akitaka picha ya mtoto. Nilimtumia ya zamani.

Haya niandikayo ndiyo niliyojifunza tangu siku ile, kwa kuuliza, kwa kusoma, na kwa kupiga hesabu kwenye daftari la biashara. Nayaandika kwa sababu najua nyumba yangu si peke yake.

Mwili wataka kiasi gani

Protini ndiyo ijengayo misuli, damu, ngozi na kinga ya mwili. Mtu mzima mwenye afya ahitaji karibu gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzani wake kwa siku. Mwenye kilo 60 basi ahitaji kama gramu 50. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, kama gramu 13. Mja mzito na mwenye kunyonyesha huhitaji zaidi, na mja mzito huhitaji zaidi hasa miezi ya mwisho. Wazee nao, japo wala kidogo, misuli yao hupungua upesi, na nyumba nyingi za kwetu mzee aishi kwa chai na mkate kwa sababu ndicho kilaini. Mzee wa namna hiyo akianguka chooni twasema ni umri.

Gramu 13 si nyingi, lakini tumbo la mtoto ni dogo. Bakuli likijaa uji mtupu, nafasi ya kitu kingine haipo. Mihogo ndiyo mibaya zaidi kwa hesabu hii: gramu 100 za muhogo mbichi hazina hata gramu mbili za protini. Unga wa mahindi una kama gramu 8 kwa gramu 100, mchele kama 7, unga wa ngano kama 10. Kwa hiyo sima na chapati si bure, zina mchango wake, ila peke yake hazitoshi.

Jambo jingine ambalo sikulijua: mtu akila chakula kidogo kwa jumla, mwili huichoma ile protini kama kuni badala ya kujengea. Kwa hiyo kupunguza sima na mafuta ili ununue kipande cha nyama ni kujidanganya. Mtoto ahitaji vyote viwili, na tui au kijiko cha mafuta kwenye chakula chake husaidia. Tena mwili haujui kuiweka akiba ya protini kama unavyoweka mafuta. Kula kilo ya nyama siku ya Idi hakukulipii wiki tatu za mchuzi.

Daftari langu

Sisi tuna mazoea ya kuuliza kitu ni bei gani. Muuguzi alinifundisha kuuliza shilingi mia yaninunulia gramu ngapi za protini. Nilichukua bei nilizolipa mimi wiki ile, Kongowea na kwenye duka la mtaani. Zako zaweza kuwa tofauti, lakini hesabu ni ile ile.

Pojo nilinunua kilo kwa shilingi 180. Kilo ya pojo kavu ina kama gramu 240 za protini, kwa hiyo shilingi mia yaleta zaidi ya gramu 130. Mbaazi kavu na maharagwe ziko karibu papo hapo. Omena kavu, kilo shilingi 500: hawa ni zaidi ya nusu protini wakishakauka, basi mia yaleta kama gramu 110. Njugu, kilo shilingi 280, mia yaleta kama 90. Halafu ndipo waanza kushuka. Yai la shilingi 18 lina gramu 6, mia yaleta 33. Nyama ya ng'ombe ya shilingi 650 kwa kilo, hata ikiwa haina mfupa, mia yaleta kama 30. Pakiti ya nusu lita ya maziwa kwa shilingi 60, mia yaleta 27. Na samaki mbichi wa shilingi 500 kwa kilo, ukishatoa kichwa, matumbo na miiba, umebaki na nusu, basi mia haifiki 20.

Mimi nililelewa kuona samaki ni chakula cha kawaida na pojo ni chakula cha shida. Daftari lilinigeuzia mambo.

Lakini hesabu hii isikupeleke mbali. Protini ya yai, samaki, nyama na maziwa ni kamili zaidi na mwili huichukua kwa urahisi, na vyakula hivyo vina vitamini B12 ambayo nafaka na kunde hazina. Mtoto mdogo hasa ahitaji kitu cha mnyama kila siku, hata kama ni kidogo. Ndiyo maana siku hizi sufuria kubwa ni ya mbaazi, pojo au maharagwe, na juu yake naongeza yai, dagaa au maziwa kwa kiasi cha mfuko.

Kunde na jamaa zake

Protini ya nafaka ina upungufu wa kiungo kimoja ambacho jamii ya kunde inacho kwa wingi, na kunde nazo hupungukiwa na kingine ambacho nafaka inacho. Vikiliwa siku moja hujazana. Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini tazama walichotuachia: mahamri na mbaazi, wali na maharagwe, pojo na chapati, pure ya mahindi na maharagwe. Tatizo ni kwamba pesa zikipungua tunaondoa mbaazi na kubakisha mahamri.

Najua atakayesema makaa ni ghali kuliko maharagwe yenyewe. Ni kweli. Maharagwe yasiyolowekwa hula makaa saa mbili na zaidi. Mimi hufanya hivi: naloweka tangu jioni, asubuhi namwaga maji yale, natia mapya, nachemsha mara moja kwa nguvu, nafunika vizuri na kuacha moto hafifu. Nachemsha ya siku tatu kwa mara moja, bila chumvi wala tui, na yaliyobaki yakipoa nayaweka kwenye friji ya jirani ambaye namlipa kwa mbaazi. Kila siku natoa kiasi na kuunga upya. Asiye na friji apike ya siku moja, maana maharagwe huchacha upesi kwa joto letu. Pojo na kunde huiva haraka zaidi, basi wiki ya makaa machache huwa wiki ya pojo. Na mtaani kuna kina mama wauzao maharagwe yaliyochemshwa kwa kikombe. Nilidhani ni uvivu kununua pale, hadi nilipojumlisha makaa.

Maharagwe mekundu yachemke vizuri kwa nguvu, dakika kumi kwa uchache, kabla ya kupunguza moto. Yakiwa nusu mabichi yana sumu itapishayo. Magadi hulainisha haraka, ni kweli, lakini huua vitamini B1, na mimi niliyatumia miaka mingi mezani kwangu. Nimeacha. Kuloweka kunatosha, na gesi tumboni hupungua pia.

Kwa mtoto naziponda mbaazi na kuondoa maganda magumu, natia tui kidogo, na kamulio la ndimu. Ndimu husaidia damu kuchukua madini ya chuma yaliyomo. Chai hufanya kinyume, huyazuia. Ile chai ya mkandaa niliyokuwa nikimpa na kila mlo ilikuwa ikipunguza hata kile kidogo alichopata.

Njugu zisagwe, mtoto wa umri huu asipewe nzima akasakamwa. Zenye ukungu au uchungu zitupwe, wala zisikaangwe ili kuficha ladha, maana ukungu ule una sumu ya ini ambayo moto hauiondoi.

Samaki, kusi na kaskazi

Pwani hatuwezi kuzungumza chakula bila bahari. Kaskazi ikivuma bahari hutulia, vyombo hutoka na samaki hushuka bei. Kusi ikiingia, kuanzia kama Aprili hivi, mawimbi hupanda, wavuvi wengi wadogo hubaki nchi kavu, na kibua kilichokuwa cha bei nafuu huwa cha wenye nazo. Basi mwenye akili hununua dagaa wakavu wakati wa kaskazi. Kuna wale dagaa wadogo tunaowaita uono, ambao kina mama wa Vanga na Gazi huwachemsha na kuwaanika, na kuna omena watokao Ziwa Victoria, ambao siku hizi wamejaa masoko yetu yote. Protini yao ni ya namna moja. Wote huliwa na miiba yake, ambayo ni chokaa ya mifupa.

Dagaa hawa ndio waliomwokoa mjukuu wangu kuliko kitu kingine. Nawachambua, naondoa vichwa na mchanga, nawaosha kwa maji moto, nawaanika hadi wakauke kau, nawakaanga bila mafuta kwenye chungu, nawatwanga na kuwachekecha. Unga wake nauweka kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Gramu kumi za unga ule, kijiko kikubwa kilichojaa, zina protini karibu ya yai moja. Natia kijiko kwenye uji, au kwenye mchicha, au kwenye mbaazi zilizopondwa. Siku ya kwanza aliutema. Nikaanza na nusu kijiko cha chai kwenye uji wenye ndizi mbivu, nikapanda polepole, na baada ya siku tano alikuwa hajui tofauti.

Ng'onda na papa mkavu ni watamu, sikatai, lakini wana chumvi nyingi mno. Waloweke na kumwaga maji mara mbili tatu, na mwenye presha ajizuie. Kwa papa nina neno jingine litakalowaudhi wengi, na mimi mwenyewe liliniudhi: samaki wakubwa walao samaki wenzao, kama papa, hukusanya zebaki mwilini, na ushauri wa wataalamu wa afya ni kwamba waja wazito na watoto wadogo wasiwale. Dagaa, kwa kuwa ni wadogo na maisha yao ni mafupi, hawana shida hiyo.

Vidanganyavyo

Tui la nazi si protini, ni mafuta. Ni zuri, lakini wali wa nazi mtupu ni wali na mafuta. Supu ya mifupa ambayo twampa mgonjwa bakuli kwa bakuli ina ladha na chumvi, nyama ndiyo yenye kitu, na nyama mara nyingi huliwa na aliyekuja kumwona mgonjwa. Mchuzi wa samaki vivyo hivyo.

Mwanangu wa mwisho, kijana wa miaka ishirini, anyanyua vyuma kwenye jimu ya mtaani. Alitaka shilingi elfu kadhaa anunue mkebe wa unga wa protini. Nikamwambia tukae na daftari. Ana kilo 68. Wafanyao mazoezi mazito huhitaji kama gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kilo, basi yeye ni gramu 80 hadi 110 kwa siku. Tukahesabu: mayai mawili na mahamri asubuhi, gramu 18. Njugu nusu kikombe saa nne, 12. Wali na maharagwe mchana, bakuli la kushiba, 29. Sima na omena usiku, 33. Gilasi ya maziwa mala, 8. Jumla ni gramu 100. Mkebe haukununuliwa. Bado ananinunia kidogo, lakini omena anakula.

Nani ala nini

Sasa nije kwenye lililonikera zaidi, na nitalisema kama lilivyo.

Siku mjukuu wangu alipopimwa, nyumbani kwangu samaki alikuwako. Mbaazi zilikuwako sufuria nzima. Mbaazi zilikuwa za kuuza, na zilizobaki jioni walikula wakubwa. Samaki mkubwa aliwekwa kwa Mzee, kwa sababu ndivyo mama yangu alivyofanya na mamake kabla yake. Kipande cha pili kwa kijana. Mimi nikachukua mkia. Mtoto akawekwa kwenye sinia pamoja na watoto wa dada yangu, walao mbio, na yeye akapata wali uliolowa mchuzi. Alishiba. Ndiyo maana sikuona. Alikuwa halii njaa, alikuwa akilala vizuri, ila mkono ulikuwa ukikonda.

Pesa za nyumba yangu hazikuongezeka hata shilingi moja tangu siku ile. Nilibadilisha mambo mawili kabla ya lolote jingine. La kwanza, mtoto ana bakuli lake, alishwa na mtu mzima, na sinia ataingia akishajua kujitetea. La pili, kipande chake chaondolewa kwanza, kabla ya cha mtu yeyote, na miiba yachambuliwa kwa vidole.

Nilihofia Mzee. Nilimweleza usiku ule kuhusu utepe, nikamwonyesha kwa uzi unene wa mkono wa mtoto ulivyo. Hakujibu. Kesho yake mchana alikata samaki wake katikati bila kuambiwa, akasukuma nusu upande wa mtoto, akaendelea kula. Tangu hapo ndivyo ilivyo, na hatujalizungumza tena.

Na waja wazito pia waangaliwe. Mimi nilikatazwa mayai mimba zangu zote tatu, eti mtoto atatoka hana nywele. Yai lililoiva vizuri halimdhuru mja mzito, na ni nyama nafuu kuliko zote ambayo anaweza kuipata dukani usiku.

Haya yote ni ya mtu mzima wa afya na mtoto aliyeanza kuyumba. Mtoto wa chini ya miezi sita ni ziwa tupu, na kunyonyesha kuendelee hadi miaka miwili inapowezekana. Mtoto ambaye utepe umesoma nyekundu, au amevimba miguu, au nywele zimegeuka rangi na kunyonyoka, asingojewe unga wa dagaa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye maradhi ya figo asiongeze protini bila kumwuliza daktari wake, na mwenye jongo aulize kuhusu dagaa kabla ya kuwala.

Tulirudi zahanati baada ya wiki mbili, utepe ukasoma 12.3. Baada ya mwezi, 12.5. Juzi, 12.9. Muuguzi aliandika, akanirudishia kadi, halafu akaniuliza mbaazi nauza shilingi ngapi bakuli.

Nilimpiga mtoto picha tukiwa bado kwenye benchi pale nje, mkono ukionekana, nikaituma Saudia. Siku hizi bakuli la kwanza la mbaazi latoka kabla sijafungua meza, la mtoto, na wateja wa saa kumi na mbili wamekwisha kuzoea kungoja dakika kumi.